Gauni la Mama Mkwe

Maneno aliyoyapanga Fundi tangu nyumbani yalikuwa makali, na aliyapanga vizuri, la kwanza mpaka la mwisho. Aliyarudia akivaa viatu, akayarudia akifunga mlango huku shangazi yake akimuuliza mbona chai hajanywa, akayarudia njia nzima hadi ofisi ya kampuni ya vifurushi. Alipofika kwenye dirisha la mwisho, lililoandikwa MIZIGO ISIYOONEKANA, kijana aliyekaa nyuma ya kioo akainua macho.

"Karibu dada. Pole na jua. Kaa kwanza upumzike, halafu unigombeze."

Maneno yote yakampotea.

"Sijaja kugombana," alisema Fundi, na papo hapo akajichukia, maana alikuwa amekuja kugombana.

"Basi utakuwa wa kwanza leo."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yule kijana alikuwa na macho mazuri. Ofisi iliyopoteza mali ya watu haikuwa na haki ya kuweka macho kama yale dirishani. Wenzake walimwita Mpelelezi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusaka vifurushi vilivyoondoka na havikufika, na Fundi alilijua jina hilo kwa sababu mwenzake mmoja alilipaza kutoka dirisha la pili akimuuliza kama ameona kalamu yake.

"Kalamu ya mwenzako hujaipata," Fundi alisema. "Gauni langu utalipata?"

Akamweleza. Yeye alikuwa fundi wa nguo, anashonea kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa shangazi yake na kuuza mtandaoni. Mwanamke mmoja mwenye saluni kubwa alikuwa ameagiza gauni la zambarau, la mikono mirefu na shanga kifuani, zawadi ya mama mkwe wake aivae kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Harusi yenyewe ni kesho. Gauni lilipakiwa, likatumwa, na simu ya Fundi ikaandika kwamba limefikishwa. Mama mkwe hakuliona hata uzi. Sasa Mama Saluni, ambaye ukurasa wake ulisomwa na wanawake wa mji mzima, alikuwa ameweka picha ya Fundi na kuandika chini yake neno moja tu: tapeli.

"Tangu asubuhi wateja wananiandikia," alisema. "Mmoja anasema aliagiza sketi kwa bahati mbaya. Unaagizaje sketi kwa bahati mbaya?"

Mpelelezi hakucheka, na Fundi alimshukuru kimoyomoyo. Aligonga gonga kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Hata hapa inasema limefika."

"Simu yangu inasema limefika, wewe unasema limefika. Tumekubaliana sote. Asiyekubali ni mwenye gauni."

"Anwani uliandika, 'Mama Mkwe, nyumba ya kona, geti jeusi.' Jina hakuna?"

"Mteja mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike hivyo. Alitaka iwe tamu."

"Imekuwa tamu kweli," alisema Mpelelezi. "Dereva huwa anapiga picha akikabidhi. Ngoja tuone."

Picha ikafunguka. Fundi aliinama mpaka paji lake likagusa kioo. Aliona kifurushi chake, kile kile alichokifunga kwa mikono yake, kiko juu ya zulia dogo la mlangoni. Pembeni palikuwa na miguu ya mwanamke mtu mzima ndani ya ndara za kijani zenye ua kubwa la plastiki.

Mpelelezi aliinama karibu na skrini. Akaikuza picha. Akaipunguza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na ile miguu haikuhama.

"Vipi?" aliuliza Fundi. "Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Unamfahamu vipi?"

"Amenizaa."

Kule dirisha la pili kalamu ilikuwa imepatikana, na mtu alikuwa anaifurahia.

"Ndara nilimnunulia mimi," alisema Mpelelezi kwa sauti ya chini. "Na sasa naelewa mengine. Siku hizi ananipigia simu anacheka peke yake. Ananiambia, siri yako nimeijua, na huyo mtu wako ana mkono mzuri. Nikadhani ananichanganya na kaka yangu." Akakuna shingo. "Ndani ya kifurushi mliweka kitu chochote? Maneno yoyote?"

Fundi alifumba macho. "Kadi. 'Kwa mama mkwe wangu kipenzi. Vaa upendeze. Nitakuja kukusalimu karibuni.'"

"Karibuni," alirudia Mpelelezi, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akaanza kuzima kompyuta. "Dada, nikuambie ukweli. Ningeweza kukwambia nenda nyumbani tutafuatilia, halafu jioni nikalichukua kimyakimya, wala usingejua liliishia kwa nani. Lakini nikianza kukuficha leo, kesho nitakuficha nini?"

"Kesho ipi?"

Masikio ya Mpelelezi yakawa mekundu. "Namaanisha kikazi," alisema, akaenda kumwomba mkubwa wake ruhusa.

Mama yake Mpelelezi alifungua mlango akiwa ndani ya gauni lenyewe. Ilikuwa mchana kweupe, alikuwa anapika, na juu ya zile shanga ambazo Fundi alizishonea mpaka vidole vikafa ganzi alikuwa amefunga aproni yenye madoa ya nyanya. Alimtazama mwanawe. Akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma yake na futi ya kupimia nguo shingoni. Uso wake ukachanua.

"Umemleta," alisema, na kabla Fundi hajatoa hata shikamoo, alikuwa amekumbatiwa, pua imezama kwenye kitambaa chake mwenyewe kilichonukia vitunguu. "Karibu mkwe wangu. Karibu mama. Mwembamba hivi, hamli huko?"

"Mama," alisema Mpelelezi.

"Wewe nyamaza, umeficha vya kutosha. Kaa hapa, mwanangu. Hili gauni, nikuambie, nililivaa siku lilipofika nikashindwa kulivua. Nimelala nalo."

Fundi aliketi alipoonyeshwa. Alikuwa amepanga kusema mambo kwa utaratibu. Lakini mbele yake, kwenye kochi, palikuwa na mto uliovaa foronya mpya ya zambarau, na jicho lake la ufundi lilijua mara moja ile foronya imetoka wapi. Akatazama chini. Pindo lilikuwa limepandishwa mpaka juu ya kifundo cha mguu.

"Umelikata," alisema.

"Lilikuwa linaburuza. Mimi mfupi. Lakini mtu hakati zawadi akatupa kipande, nikatengeneza mto." Akaupigapiga mto kwa fahari.

"Mama," alisema Fundi, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Shikamoo. Samahani sana. Mimi si mkweo. Mimi nimeshona tu. Gauni ni la mama mwingine, wa mtaa wa pili, mwenye nyumba ya kona na geti jeusi kama hili; lilikosea nyumba. Mimi na kaka hapa tumefahamiana leo asubuhi, dirishani, na nilikuwa nimekwenda kumgombeza."

Chungu kilichemka jikoni na hakuna aliyekwenda kukitazama. Mama alimgeukia mwanawe.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Mama akavua aproni polepole, akaikunja vizuri, akaiweka magotini. Fundi aliyeshajiandaa kwa ukali hakujua afanye nini na upole ule.

"Nimeshawaambia dada zangu," alisema mama. "Wote. Nimewatumia picha. Mkubwa wetu, yule ambaye wajukuu wake hawaishi kumtembelea, alinijibu, 'Hatimaye.'" Akanyoosha shanga moja iliyopinda kifuani. "Unajua, sikujua kama nilikuwa nangoja kitu. Nilikuwa naishi tu. Mpaka kilipofika."

Mpelelezi alitazama ukuta. Fundi alisogea akakaa karibu na yule mama, akamshika mkono, na alipokuja kufikiri baadaye hakukumbuka aliamua saa ngapi kufanya vile.

"Limekukaa vizuri," alisema. "Si kwa kukupaka mafuta. Mabega yamekaa pale pale. Lako hili, mama. Sitalichukua."

"Na mwenyewe?"

"Nitashona jingine. Kitambaa na shanga vilibaki nyumbani."

"Harusi si kesho?" aliuliza Mpelelezi.

"Ndiyo maana usikae hapo unatazama ukuta, kaka. Washa gari."

"Cherehani ninayo," alisema mama akisimama, na nguvu zikamrudia ghafla. "Inalia kidogo lakini inashona. Shonea hapa hapa, huyo mama mwingine si yuko mtaa wa pili? Na huyo mteja wako anayekutukana, nipe nimsemeshe."

"Ameshaacha kupokea simu zangu."

"Kuna ule ujumbe wa kurekodi sauti. Bonyeza, nishikie."

Fundi akabonyeza. Mama akaisogelea simu kama mtu anayezungumza na kiziwi.

"Mwanangu wa saluni, hujambo. Gauni la mama mkwe wako nimelivaa mimi. Hakuna tapeli. Tapeli ni mimi, na hata mimi sikujua. Nimelala nalo, nimepikia nalo, na kipande nimefanya mto. Huyu binti unamwonea bure, na hivi unavyonisikia analishona jingine nyumbani kwangu. Msalimie mama mkwe. Mwambie ana bahati, mkwe wake anamkumbuka." Akamtazama Fundi. "Nimemaliza. Unazimaje?"

Njiani kwenda kuchukua kitambaa hawakuzungumza sana. Gari la Mpelelezi lilikuwa la zamani, mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo kila waliposimama ilimbidi azunguke amfungulie. Shangazi, aliyekuwa dirishani, aliiona heshima ile akaitafsiri anavyojua. Mpelelezi aliporudi kwenye usukani, shangazi alitoka mpaka kwenye gari na furushi la kitambaa, ambalo Fundi alikuwa amempigia simu aliandae, lakini hakulitoa.

"Ndiye nani huyu?"

"Shikamoo shangazi," alisema Mpelelezi.

"Marahaba. Ndiye nani?"

"Anafanya kazi kwenye ile kampuni ya vifurushi," alisema Fundi.

"Ile iliyopoteza gauni?"

"Ile ile."

Shangazi aliinama akamtazama kijana kupitia dirishani, akaanzia kwenye viatu. "Na wewe umepanda gari lake. Haya. Usije ukapotea na wewe."

"Shangazi, tuna haraka."

"Nina haki ya kuuliza. Mtu kazi yake ni kupoteza vitu vya watu, leo anafungulia watu milango. Wewe kijana, hivyo vinavyopotea huwa unavipata?"

Mpelelezi angeweza kujisifu. Fundi alimwona akilifikiria swali kwa dhati, mikono juu ya usukani.

"Vingi sivipati, shangazi," alisema. "Lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba natafuta huku sitafuti."

Shangazi akakaa kimya muda mrefu, jambo lililokuwa adimu kiasi kwamba Fundi alipata wasiwasi. Kisha akampa Fundi furushi, akasema hajakubali kitu chochote, ijulikane, akarudi ndani.

Shida ya kweli ilikuja walipotaka kupima. Mama mkwe wa Mama Saluni alikuwa mrefu, kifua cha haja. Vipimo Fundi alivikumbuka, lakini shanga na mikono vilihitaji mwili wa kupangia, na mama yake Mpelelezi kichwa kiliishia begani kwa mtu huyo. Wanawake wawili walitazamana. Kisha wakamgeukia Mpelelezi kwa pamoja.

"Hapana," alisema Mpelelezi.

Muda mfupi baadaye alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa zambarau mpaka sakafuni, na mito miwili kifuani ambayo mama yake aliipachika mwenyewe, akarudi nyuma kuitazama, akausogeza wa kushoto juu kidogo.

"Simama wima," alisema mama kutoka kwenye cherehani, iliyokuwa inalia kama alivyoahidi. "Mama mkwe wa watu hasimami kama amepigwa mvua."

Fundi alizunguka na pini kinywani. Alikuwa amepima watu wengi maishani, na mwili wa mteja kwake ulikuwa namba tu: bega hadi kiwiko, kwapa hadi kiuno. Leo namba zilikuwa zinamsumbua. Alipopitisha futi mgongoni mwa yule kijana ilimbidi amkaribie kama anayemkumbatia, na akasikia moyo unakwenda mbio, asijue ni wa nani, maana katikati palikuwa na mito.

"Umejaza pini mdomoni?" aliuliza Mpelelezi kwa sauti ya kunong'ona.

"Mm."

"Kwa hiyo huwezi kujibu."

"Mm-mm."

"Basi nafuu niseme sasa." Alitazama mbele kama mwanajeshi wa gwaride. "Asubuhi ulipokuja dirishani, nilisahau namba ya siri ya kompyuta. Ndiyo maana niligonga gonga muda mrefu. Nilijifanya natafuta mzigo. Nilikuwa natafuta akili."

Pini iliyokuwa inaingia kwenye ukosi ikaingia begani kwake. Alishtuka, mto wa kushoto ukaporomoka mpaka tumboni.

"Mnafanya nini huko?" aliuliza mama bila kugeuka.

"Tunapima," alisema Mpelelezi.

Fundi alipiga magoti kupanga pindo, na alifurahi kupata kazi iliyo chini, ambako mtu hamwoni usoni. Lakini alikawia huko, na alipoinua macho kuangalia kama pindo limelingana, alimkuta anamtazama. Si kwa mzaha. Mtazamo ule ulimshukia taratibu, na yeye, aliyezoea kukwepa, hakukwepa. Akatoa pini kinywani, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake mpaka zikaisha.

"Sasa naweza kujibu," alisema.

"Naam?"

"Usitikisike. Pindo litapinda."

"Hilo ndilo jibu?"

"Hilo ni la pindo. Lingine subiri nimalize kazi."

Cherehani ilinyamaza. "Mbona hamuitani tena kaka na dada?" aliuliza mama, na bila kungoja jibu akaendelea kushona.

Jua lilikuwa bado halijazama walipolipeleka gauni, mikononi, kwa miguu, mtaa wa pili, kwenye nyumba nyingine ya kona yenye geti jingine jeusi. Mpelelezi alilibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, na alikataa kabisa kulikunja. Mama mkwe mwenyewe alikuwa mcheshi, mrefu kweli kweli, akaingia chumbani nalo na kutoka amelivaa, akajigeuza mbele ya kioo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mabega yalikaa. Fundi akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mama Saluni alikuwepo. Alisimama pembeni na simu yake, akionekana kama mtu anayetafuta njia fupi ya kusema jambo refu.

"Ule ujumbe wa sauti," alisema hatimaye, "nimewasikilizisha saluni nzima. Tumecheka mpaka mteja mmoja akaungua sikio na pasi ya nywele." Kisha uso ukabadilika. "Lile neno nimelifuta. Nimeandika jingine, refu, na nimesema nilikosea. Nilikuharibia jina bila kukuuliza. Nisamehe."

"Uliogopa mama mkwe angedhani hukumtumia kitu," alisema Fundi.

Mama Saluni alitazama kule kwenye kioo, ambako mkwewe alikuwa anajigeuza tena. "Mwaka wa kwanza ndio huu ananiita mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, na Fundi hakuwa na hasira iliyobaki.

Waliporudi walitembea polepole, mikono mitupu. Simu ya Fundi ililia ndani ya mkoba, ikalia tena. Alichungulia. Yule wa sketi ya bahati mbaya alikuwa anataka mbili.

"Kazini kwangu," alisema Mpelelezi, "watu huja wamekasirika, na wakiondoka naomba Mungu tusionane tena. Leo sijui niombe nini. Nikiomba urudi, ni kama nakuombea mzigo mwingine upotee."

"Usiniombee mabaya."

"Ndiyo shida yangu."

"Watu wengine huomba namba ya simu," alisema Fundi, akitazama mbele. "Naona ni njia rahisi zaidi."

Akacheka, Mpelelezi, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo, na kiganja chake kikagusa cha Fundi kama kwa ajali. Cha Fundi hakikuondoka. Wakafika getini wakiwa hivyo, na wangeingia, ila dirisha la sebuleni lilikuwa wazi na mama alikuwa kwenye simu, anazungumza kwa nguvu kama ilivyokuwa desturi yake kwa watu walio mbali.

"Hapana, dada, sikiliza. Gauni halikuwa langu. Ndiyo. Ilikuwa makosa, lilikuwa la mtu mwingine kabisa, nimeona aibu nimechoka." Kimya. Upande wa pili ulikuwa unasema mengi. "Ndiyo, ile kadi nayo. Si yangu." Kimya tena. "Mkwe?"

Pale getini Fundi alikaza kiganja chake.

"Mkwe ni habari nyingine," alisema mama. "Lililokosea nyumba ni gauni. Mkwe hakukosea."

Mpelelezi aliinamisha kichwa, masikio yamekuwa mekundu mpaka ncha. Alinyoosha mkono kusukuma geti.

"Tuingie, nimnyamazishe."

Fundi akamvuta nyuma kwa ule mkono aliokuwa bado ameushika.

"Subiri kidogo," alisema. "Mwache amalize kuongea."